Wana Faida Gani?

Mwezi wa Septemba tuliteremka na vijana saba kutoka Magoma mpaka Pangani. Tukakaa huko siku mbili, tukitembea asubuhi na jioni kandokando ya mlango wa mto ili kutazama ndege. Hatukuwa na bunduki wala mtego. Tulikuwa na darubini moja ya kuazima, daftari moja, na mikate ya njiani. Siku ya pili asubuhi, maji yalipokuwa yakipwa, alitujia mzee mmoja mvuvi, akaketi juu ya ngalawa yake iliyolala mchangani, akatuangalia kwa muda mrefu jinsi sisi tulivyokuwa tukiangalia. Vijana wakamwamkia, naye akawaitikia marahaba. Kisha akatugeukia, akauliza:

"Padri, ndege hao mwawala?"

"La, mzee."

"Mwawauza?"

"Hatuwauzi."

"Basi wana faida gani?"

Twakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba hatukuwa na jibu la maana la kumpa papo hapo. Tulisema neno moja mawili juu ya elimu na juu ya uzuri wa viumbe, naye akaitikia kwa kichwa, kama afanyavyo mtu mwenye adabu asiyependa kumwaibisha mgeni. Lakini swali lile tulipanda nalo mpaka Magoma, wala tangu siku ile halikutuacha. Maana tumeona kwamba si swali la ndege tu. Ni swali ambalo kila mmoja wetu huliuliza kila siku, juu ya vitu vingi na juu ya watu wengi, mara nyingi bila kufungua kinywa. Yafaa basi tulitazame sawasawa.

Kwanza wasomaji wajue ndege wenyewe ni akina nani. Wakati wa demani, Kusi inapolegea, kule upande wa kaskazini wa dunia siku za joto zinakwisha na baridi inakaribia. Ndipo ndege wengi huacha makao yao ya kuzalia na kuanza safari ya kuja kwetu. Katika pwani ya Tanga huonekana wakiingia kundi baada ya kundi. Yumo sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama chombo kile cha kuchimbia chenye jina lilo hilo. Yumo ndege mmoja mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene, ambaye chakula chake hasa ni kaa. Huyo huzaliana katika pwani za Bahari ya Shamu, za Ghuba na za Uarabuni, akichimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja tu. Kisha husafiri kuja kwetu pamoja na mtoto wake, na mtoto yule huendelea kulishwa na mzazi hata baada ya safari kwisha.

Wamo tena vitwitwi wa namna nyingi, na mmoja kati yao ndiye aliyewashika mioyo vijana wetu. Ni kitwitwi mwenye mdomo mwembamba uliopinda chini kidogo. Uzito wake wapata gramu 60, yaani kama yai la kuku. Kiota chake hukijenga katika nchi ya Siberia, mbali kaskazini, mahali ambapo baridi hairuhusu hata mti kusimama. Toka huko mpaka mlango wa Mto Pangani ni zaidi ya kilometa 8,000. Wakati wa kuzaa, kifua chake huwa chekundu kama udongo wa milimani kwetu. Na mwezi ule wa Septemba baadhi yao walikuwa bado na mabaka ya wekundu ule, mfano wa msafiri ambaye hajapata nafasi ya kubadili nguo.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni mpango wa safari yao. Madume huondoka kwanza, mayai yakiwa bado hayajaanguliwa au makinda yakiwa wachanga. Majike hufuata. Watoto huondoka mwisho, nao husafiri bila wazazi. Hawajapata kuiona njia, wala hakuna aliyewasimulia. Wataalamu wameonyesha kwamba ndege wasafiri hujua upande wa kwenda kwa kurithi, tena hujiongoza kwa jua, kwa nyota, na kwa nguvu ileile ya dunia inayovuta sindano ya dira. Kijana mmoja wetu, alipoelezwa hayo, aliishusha darubini akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Huyu mdogo kuliko kiganja changu amekuja peke yake?" Naam, amekuja peke yake.

Basi, wana faida gani?

Wapo watakaomjibu mzee yule kwamba ndege wana faida ya fedha. Jibu hilo si la kudharau. Katika ghuba ya Mida, karibu na Watamu katika nchi ya Kenya, imejengwa njia ya mbao ipitayo juu ya matope katikati ya mikoko, na mwisho wake pana kibanda cha kutazamia ndege. Wageni hulipa kiingilio, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 fedha hizo zimesaidia kuwalipia karo ya sekondari watoto wa vijiji vilivyo kando ya ghuba ile na ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Hiyo ni kazi njema, nasi twatamani kuona mfano wake katika pwani yetu. Mzazi ambaye mwanawe amesomeshwa kwa sababu ya ndege hana haja ya kuhubiriwa habari za ndege.

Walakini tuendelee kufikiri. Katika mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoifunga dunia, watalii walipungua mno katika pwani ya Afrika Mashariki. Ndege walikuja vilevile. Walitua katika matope yaleyale, saa zilezile za maji kupwa, na watu wa kulipa ili wawaone walikuwa wachache mno. Je, tuseme kwamba mwaka ule ndege wale walikuwa hawana thamani tena? Kama thamani yao ni kiingilio tu, basi siku mgeni asipolipa, mwenye haki ni yule atakayetaka kuukata mkoko na kuligeuza tope kuwa kitu kingine chenye bei kubwa zaidi. Anayelindwa kwa ajili ya fedha hulindwa mpaka ipatikane fedha nyingine.

Wengine watajibu kwamba ndege wana faida ya elimu. Hili nalo ni kweli, tena sisi watu wa Usambara tuna ushahidi wake mlangoni petu. Magoma iko chini, katika bonde la Mto Lwengera, kati ya Usambara ya Magharibi na Usambara ya Mashariki. Tukiinua macho upande wa mashariki twaiona milima ya Amani. Huko, tangu mwaka 1928 hata mwaka 1946, alifanya kazi Mwingereza mmoja jina lake Reginald Moreau, katika kituo cha utafiti wa kilimo. Hakusomea ndege chuoni. Alijifundisha mwenyewe kwa kuwatazama. Katika kazi hiyo alikuwa na Salimu Asmani, Mwafrika aliyekuwa jicho lake na sikio lake msituni. Mwaka 1931 wataalamu walitoa habari za ndege mmoja mdogo mwenye mdomo mrefu, kutoka misitu ile ya Amani, wakampa jina la Moreau. Hata leo ndege huyo hajulikani kuishi pengine popote duniani ila katika Usambara ya Mashariki na katika mlima wa Njesi, kaskazini ya Msumbiji.

Baadaye Moreau alitunga kitabu juu ya ndege wasafirio kati ya Afrika na nchi za kaskazini, nacho kilitoka mwaka 1972, miaka miwili baada ya kufa kwake. Alikisia kwamba kila mwaka ndege wa nchi kavu wapatao milioni 5,000 huingia Afrika kutoka Ulaya na Asia. Mwaka 2009 wataalamu wengine, kwa njia nyingine ya kuhesabu, walikisia milioni 2,100 kutoka Ulaya. Tusikimbilie kusema kwamba wale wengine wote wamekufa, kwa kuwa njia za hesabu hazikuwa moja. Tuseme tu kwamba, hata kwa hesabu ile ndogo, juu ya vichwa vyetu kila mwaka hupita umati mkubwa kupita watu wote wa bara letu, na wengi wetu hatuna habari.

Elimu basi ni tunda jema la kutazama. Lakini je, ndiyo jibu? Siku wataalamu watakapokuwa wamekwisha andika yote yanayoweza kuandikwa juu ya kitwitwi, atakuwa amekwisha faida yake, kama kitabu kilichokwisha somwa? Tena tazameni jambo jingine. Jina la Moreau limo vitabuni, limo pia katika jina la ndege. Katika wasomaji wetu wa Magoma, Amani na Korogwe, ni wangapi walijua jina la Salimu Asmani kabla ya kulisoma hapa? Mtu naye aweza kutumiwa kwa faida yake, na faida ikiisha kuchukuliwa, akasahauliwa. Hivyo hata elimu, isipoangalia, huuliza swali lile la sokoni.

Sisi tuliopita seminari kuu twakumbuka tulivyofundishwa, kwa kumfuata Mtakatifu Thomas wa Akwino na wenye hekima waliomtangulia, kwamba mema ni ya namna tatu. Liko jema lenye manufaa, ambalo twalitafuta kwa ajili ya kitu kingine, kama jembe kwa ajili ya chakula. Liko jema lipendezalo, ambalo twatulia ndani yake kwa furaha. Tena liko jema lililo jema lenyewe, linalostahili kutakwa kwa sababu ya jinsi lilivyo, hata kama halituletei kitu. Siku zile za darasani tulidhani kwamba ni maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Leo twaona kwamba tofauti hiyo ni mlinzi wa nyumba. Mtu akiisahau, hubaki na kipimo kimoja tu mkononi, nacho ni pishi ya manufaa. Na kila akikutanacho hukitia katika pishi hiyo. Kisichojaa pishi hukitupa.

Wala hatutii chumvi. Tulipokuwa njiani kurudi, kijana mmoja aliyekuwa ameketi kando yetu alisema kwa sauti ya chini, "Padri, swali lile la mzee nimepata kulisikia nyumbani kwetu." Tukamwuliza, juu ya ndege? Akasema, "La. Juu ya bibi." Bibi yake ni mzee sana, jembe limemshinda, kuni zimemshinda, na macho yameingia ukungu. Siku moja wakubwa walikuwa wakigawana gharama za nyumbani, na mmoja wao akasema mbele ya watoto, "Huyu siku hizi anakula tu, ana faida gani?" Kijana hakuongeza neno. Nasi hatukuongeza. Gari likaendelea mpaka Korogwe bila mtu kusema.

Hapo ndipo penye hatari, wasomaji wetu wapenzi. Swali la faida ni swali halali. Mkulima aulize mbegu hii yafaa nini, fundi aulize chombo hiki chafaa nini, na Serikali iulize mradi huu utawafaa nini wananchi. Asiyeuliza hivyo hufilisika. Lakini liko swali linalotangulia hilo: kitu hiki ni nini, na mtu huyu ni nani? Anayeuliza la kwanza kabla ya la pili amekwisha kosea, hata kama jibu lake litakuwa sahihi. Mtoto aliyezaliwa mlemavu, mgonjwa asiyepona, mgeni asiye na ndugu, mzee anayekula tu: wote hao, tukianza kwa kuuliza faida yao, tumekwisha wahukumu kabla ya kuwaona. Basi twathubutu kusema kwamba kumtazama kitwitwi pasipo kutaka kitu kwake ni shule. Ndege si sawa na mtu, la hasha. Mtu ana heshima ambayo ndege hana. Lakini jicho ni lilelile. Jicho lililojifunza kumwona mdogo asiyefaa kitu, likamwacha awe jinsi alivyo na kufurahi kwamba yupo, litakapomwangukia bibi kizee pembeni ya jiko halitakuwa geni na kazi hiyo.

Twajua kwamba hapa msomaji mmoja atatukatiza kwa methali, naye atakuwa ameichagua vizuri: usiache mbachao kwa msala upitao. Atasema, watu wana shida, mchele ni ghali, na karo hailipiki. Mbona padri anatufundisha habari za ndege wapitao njia, ambao hata kutuaga hawatuagi? Pingamizi hili ni la haki, na hatutaki kulikwepa.

Turudi Pangani. Haukupita muda mrefu baada ya swali la mzee, akaja mtoto wa miaka kumi hivi, mwenye manati mkononi. Vitwitwi walikuwa karibu, wakidunga midomo yao katika tope kwa haraka, kama mama anayeshona nguo ya kesho. Mtoto akatia jiwe, akavuta. Kabla sisi hatujafumbua kinywa, mzee akaita kutoka pale alipokaa, "We mwana! Wageni hao. Waache wale." Mtoto akashusha mkono, akaenda zake. Vijana wakatazamana. Nasi tukamwambia mzee, "Mzee wetu, umetuuliza wana faida gani, mbona wewe umewatetea?" Akacheka. Akasema kwamba amewajua tangu utoto wake, nao wakija, yeye hujua kwamba Kusi imekwisha. Tukasema, "Basi hiyo ndiyo faida." Akatikisa kichwa. "Siku hizi siendi tena bahari kuu, Kusi yanihusu nini? Lakini wakija nawaangalia."

Yule aliyeuliza swali ndiye aliyekuwa na jibu, tena alikuwa nalo tangu kabla hatujazaliwa. Hakuwa na darubini wala daftari. Aliwahesabu ndege wale kuwa wageni, na kwa wageni alijua desturi: mgeni haulizwi faida yake mlangoni. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini hawakusema kwamba mwenyeji amfungulie mgeni kwa sharti la kupona. Humfungulia kwanza. Kupona kwaja baadaye, au hakuji.

Lakini je, kama mtoto yule alikuwa na njaa? Hili ndilo swali gumu zaidi, nasi twalijibu wazi. Kama ndege yule ndiye aliyekuwa kitoweo cha pekee katika nyumba yao siku ile, hatungemlaumu. Uhai wa mtu watangulia uhai wa ndege, na hatutaki kuonekana kama watu wanaopenda ndege kwa sababu wameshiba. Kadhalika hatumlaumu mkulima wa mpunga anayewafukuza kwelea. Makundi yale hula shamba zima katika siku chache, na mkulima ana haki ya kuyatetea mavuno yake, ingawa yampasa kukumbuka kwamba dawa imwagwayo kuua kwelea huua pia viumbe wengine wasio na hatia. Hitaji ni hitaji. Lakini mara ngapi tumesema "hitaji" palipokuwa na mchezo tu, au uchoyo, au uvivu wa kufikiri? Manati za watoto wengi haziwindi kitoweo, zajaribu shabaha. Ndege huanguka, naye mtoto hata hajisumbui kumwokota.

Tena tusimshike mtoto wa manati tukawaacha wakubwa. Wajibu huenda na uwezo. Mtoto akiwa na jiwe aweza kumwua kitwitwi mmoja. Sisi wa Magoma, bila kumwona hata mmoja, twaweza kuwanyang'anya chakula maelfu. Sikilizeni jinsi inavyokuwa. Mto Lwengera wapita katika bonde letu na kuingia Mto Pangani upande wa Korogwe. Na Mto Pangani, ambao chanzo chake ni Kilimanjaro na Meru, huishia katika mlango uleule tuliokuwa tukitembea. Tope ambalo vitwitwi walikuwa wakilidunga si tope la Pangani tu. Ndani yake mna udongo wa Usambara ulioletwa na maji kwa karne nyingi. Ndani ya udongo huo huishi minyoo, kaa na konokono wadogo, nao ndio riziki ya wageni wa Siberia. Kwa hiyo tukitaka tusitake, sisi ndio wenyeji. Meza imeandaliwa kwa udongo wetu.

Lakini meza yaweza kuharibiwa na yuleyule aliyeiandaa. Tukilima mpaka ukingoni mwa mto, mvua hushusha udongo mwingi kupita kiasi, ukafunika na kuua vilivyomo. Tukiosha mabomba ya dawa za mashamba mtoni, sumu husafiri kwenda chini. Tukiyachukua maji bila kipimo, mto hufika baharini ukiwa dhaifu. Huko Pangani watu wameonja matokeo yake. Maji ya mto yametumika sana huku juu kwa mashamba, na tangu miaka ya 1960 yamezuiwa pia na bwawa la Nyumba ya Mungu. Basi mto unapokosa nguvu za kuisukuma bahari, maji ya chumvi hupanda ndani na kuharibu mashamba ya wenyeji. Wasomaji waangalie: mkulima wa Pangani na kitwitwi wa Siberia wameumizwa na jambo moja. Yule aliyesema tumeacha mbachao kwa msala upitao ajue kwamba msala huu na mbacha ule vimefumwa kwa ukindu mmoja. Asiyejali mto kwa ajili ya ndege hataujali kwa ajili ya jirani aliye mbali asiyemwona.

Basi tufanye nini? Hatupendi kumaliza kwa maneno makubwa. Tutataja mambo machache yaliyo katika uwezo wetu.

La kwanza ni ukingo wa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Twajua kwamba wengi hawaishiki, na kwamba wengine hawana kipande kingine cha kulima. Kwa hao yapasa viongozi watafute njia ya haki kabla ya kuwaondoa. Lakini kwa mwenye nafasi, aanze kwa kuuacha ukingo uote majani na miti, wala asingoje kukamatwa.

La pili ni watoto. Mzazi asimnyang'anye mwanawe manati kwa fimbo tu, maana atachonga nyingine kesho. Amwonyeshe jambo lililo bora kuliko shabaha. Si lazima kwenda Pangani. Miezi hii ya vuli mbayuwayu kutoka Ulaya wamefika. Hukaa mistari kwa mistari juu ya nyaya za umeme na huruka chini juu ya mashamba wakikamata wadudu. Mtoto na awahesabu leo, awahesabu tena wiki ijayo, aandike. Mwezi wa Aprili atakapoona waya umebaki mtupu, atakuwa amejifunza kitu ambacho hakuna mwalimu awezaye kukiandika ubaoni.

La tatu ni kwa wale watakaopenda kuteremka pwani kama tulivyofanya sisi. Saa nzuri ni pale maji yanapojaa au yanapoanza kupwa, maana ndege husukumwa karibu na nchi kavu. Lakini maji yakijaa kabisa, wao hukusanyika mahali pamoja kupumzika, hapo msiwasogelee. Kila mara wanaporushwa hutumia sehemu ya mafuta waliyojiwekea mwilini kwa ajili ya safari, na mafuta hayo ndiyo nauli yao. Mtazamaji mwema ni yule ambaye akiondoka, ndege hawajui kwamba alikuja.

La nne halihusu ndege. Mwanzoni mwa wiki iliyofuata safari yetu, kijana yule wa bibi alikuja kuomba darubini. Tulidhani yataka kwenda nayo mtoni. Akasema bibi yake, alipokuwa msichana, alikuwa akijua majina ya ndege wengi kwa Kisambaa, naye ataka kukaa naye uani, yeye aangalie kwa darubini na kusimulia rangi na mwendo, bibi ataje jina. Tulimpa. Daftari lina sasa majina kumi na tisa kwa mwandiko wake, na mengine kati ya hayo sisi wenyewe tulikuwa hatujapata kuyasikia.

Msomaji aweza kusema, kumbe bibi ana faida! Twamsihi asiseme hivyo. Siku bibi atakapoyasahau majina yote kumi na tisa, na siku hiyo yaweza kuja, kijana aendelee kukaa naye uani vilevile.